Vituo Saba vya Kupumua

Shuleni kwetu nina sifa yangu ya pekee. Katika miaka mitatu ya bweni nimeugua malaria mara tisa bila mbu hata mmoja kuhusika, na mara zote tisa matroni alinipa ED, ile karatasi ya kusamehewa kazi na vipindi, huku macho yake yamejaa huruma. Sisemi haya kwa majivuno. Nasema ili ieleweke kwa nini, likizo ya Juni mwaka 2022, mama yangu mzazi aliniita chumbani kwake kama mtu anayemwita fundi.

Ilikuwa saa nne asubuhi na alikuwa amelala. Alikuwa amemenya viazi vinne, na viazi vinne vilikuwa vimemmaliza.

"Fabian," alisema, "wewe unajua kuigiza ugonjwa."

"Kidogo tu, mama."

"Sasa nifundishe kuigiza uzima."

Mama yangu, Dorkasi, anaongoza wageni kwa miguu. Loji anayofanyia kazi iko juu kidogo ya kwetu, Ganako. Kila asubuhi huwapandisha wageni kwenye njia ya msituni, akiwaeleza mti huu na nyayo zile kwa saa tatu bila kumeza mate. Korona ilimshika mwanzoni mwa Mei. Siku kumi alikuwa kitandani. Siku nyingine ishirini na kitu alikuwa akiamka ili akalale mahali pengine, kwenye kochi, kwenye mkeka, na mara moja juu ya gunia la mahindi. Kipimo kilisema ugonjwa umeondoka. Miguu haikupewa taarifa.

Nesi Ritha wa zahanati alimpa kanuni moja. "Siku utakayopanda kilima huku unaongea na sentensi haikatiki katikati, rudi kazini. Kabla ya hapo, kaa."

Sasa Ijumaa hiyo Mzee Aloyce, mkuu wa waongoza wageni, alikuwa anakuja kumpima mama kwa kanuni hiyohiyo. Jumatatu walikuwa wanaingia wageni kumi na wawili. Mama asipokuwa tayari, njia inapewa mtu mwingine mpaka Oktoba. Na njia ile ameitembea miaka kumi na mmoja. Wenzake wanaiita njia ya Dorkasi. Nadhani aliogopa kwamba ikifika Oktoba itakuwa inaitwa jina lingine.

Tukafanya kikao, yeye amelala, mimi nimekaa juu ya ndoo. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba mwongoza wageni ana bahati ambayo mkulima na mwalimu hawana: anaweza kusimama wakati wowote, mradi kuna kitu cha kuonyesha. Anayesimama bila sababu amechoka. Anayesimama mbele ya mavi ya tembo anafundisha.

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Na vitu vya kuonyesha visipokuwepo?"

"Vitakuwepo."

Alhamisi nilipanda na ndoo. Nilikuwa nimempima mama kimyakimya uani na kuona pumzi yake inaisha kwenye hatua themanini, kwa hiyo kila baada ya hatua themanini niliweka kituo. Kwanza miiba ya nungunungu. Kisha mavi ya tembo, niliyoyabeba kwa mikono yangu miwili kutoka kule yalikodondoshwa kihalali. Kisha kinyesi cheupe cha fisi, manyoya ya kanga, na fuvu la paa. Cha sita kilikuwa fahari yangu: kipande cha ganda la yai la mbuni, zawadi ya Sairowua wa Kakesio, kule mbugani, tunayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa bwenini.

"Umeweka vingapi?" mama aliuliza niliporudi.

"Sita."

"Ongeza."

"Ndoo imeisha, mama."

Alifumba macho.

Ijumaa ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mzee Aloyce alifika amevaa koti la loji, barakoa kidevuni.

"Mama Fabian, umepungua."

"Nimepungua palipozidi, kaka Aloyce. Twende."

Nilifuata nyuma na chupa ya maji. Kwenye miiba ya nungunungu mama alieleza vizuri kabisa, ila mimi niliyekuwa nyuma niliona mkono wake umeshika mche kama mtu aliye kwenye mashua. Kwenye mavi ya tembo alichutama, jambo ambalo wageni hupenda, na akachelewa kuinuka. Kwa fisi alizungumza dakika sita. Nilianza kuona fahari. Kufikia fuvu la paa, fahari ilikuwa imepungua, maana kila kituo alikuwa anapumzika zaidi na kupata nguvu kidogo zaidi ya sifuri.

"Njia hii leo imejaa kama mnada wa tarehe saba," Mzee Aloyce alisema.

Tukafika kwenye ganda. Mzee Aloyce aliliokota, akaligeuza.

"Mbuni," alisema. "Msituni."

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba mbuni ni ndege wa mbugani na hajawahi kuonekana akipita kati ya miti ile hata kwa kupotea njia.

"Tai," mama alisema. "Kuna tai... mweupe. Anapasua mayai... kwa jiwe."

"Halafu anayapandisha huku?"

"Mara chache."

"Huyo tai angekuja loji atusaidie kubeba mabegi," alisema Mzee Aloyce, akalirudisha ganda pale pale taratibu.

Tuliendelea. Hatua arobaini tu, mama akasimama tena. Nilitazama mbele yake, nikijaribu kukumbuka nilikuwa nimeweka nini. Kulikuwa na jiwe. Sikuliweka mimi.

"Hili," mama alisema, "ni jiwe."

Tukasubiri.

"Limekaa hapa... muda mrefu. Mvua ikinyesha..." Alivuta pumzi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Linalowa."

Namjua mama. Kwa kawaida angeweza kuzungumzia kuvu ya jiwe lile mpaka wageni waombe maji. Siku hiyo hakuiona hata kuvu yenyewe. Nilitaka kucheka kwa mazoea, na kicheko hakikuja.

Mzee Aloyce alitazama pembeni, kwenye ukungu. "Haya," alisema. "Ni baridi tu inakubana. Jumatatu, saa moja na nusu."

Nikaelewa kwamba naye alikuwa anataka kudanganywa. Alikuwa na wageni kumi na wawili na hana mtu anayeijua njia. Mama alinigeukia na kutabasamu tabasamu dogo la kumshukuru fundi, na nikachoka ghafla, mimi ambaye sikuwa nimeugua kitu.

"Mzee," nilisema, "vile vitu nimeviweka mimi."

"Vitu gani?"

"Vyote. Kuanzia miiba. Isipokuwa jiwe."

"Fabian, nyamaza," mama alisema.

"Jumatatu nyati akitoka kichakani, mama, utasimama umweleze nini?"

Mzee Aloyce hakunikemea. Alichutama kando ya njia, akamuuliza mama kwa sauti ya chini kama watu wawili wa kazi moja.

"Mama Fabian, nyati akitoka unafanya nini?"

"Nawaambia wageni wapande miti."

"Na wewe?"

Mama aliutazama mti uliokuwa karibu, toka chini mpaka kwenye tawi la kwanza. Aliutazama kweli, akiupima.

"Mimi nitakaa chini," alisema. Akakaa chini.

Tulikaa wote. Alipumua kwa sauti, bila kumficha mtu.

"Njia nitampa Leonce," Mzee Aloyce alisema baadaye.

"Leonce hajui jina la mti hata mmoja."

"Ndiye aliyepo."

"Basi mlete nyumbani kesho. Nitamfundisha nimekaa. Asubuhi tu, mchana nalala."

"Mpaka Oktoba?"

"Sijui, kaka. Mpaka nikupandishe hapa wewe ndiye uombe tupumzike."

Kushuka kulituchukua saa nzima. Mama alinishika bega njia yote. Nyumbani alijitupa kitandani na viatu vyake vya kazi.

"Umeniaibisha," alisema, macho yamefumbwa.

"Ndiyo, mama."

"Nivue viatu."

Nilifungua kamba za kiatu cha kushoto. Nilipofika cha kulia alikuwa ameshalala, na hata saa sita mchana ilikuwa haijafika.