Kapsuli za Dada

Kazi yangu ni kutoamini. Mwisho wa mstari wa cherehani, chini ya taa ndefu nyeupe, ndipo ilipo meza yangu. Shati likishashonwa na kupigwa pasi huletwa kwangu, nami nalitazama kama mama mkwe anavyomtazama mchumba aliyeletwa nyumbani. Navuta kifungo. Nageuza kola. Napitisha kidole kwenye mshono wa kwapa, maana fundi mvivu huficha uvivu wake kwapani. Wenzangu kiwandani wananiita Hakimu, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi.

Mtu wa namna hii akipatwa na ugonjwa wa huzuni, anajishuku hata mwenyewe. Mimi sikuanguka kwa kishindo. Nilianza kuchoka, kisha nikaanza kula. Nilikula nimesimama mbele ya kabati: mkate mkavu, wali wa jana, sukari kwa kijiko, na wala sikuwa na njaa. Nikimaliza nalia, nikishalia narudi kabatini. Magauni yakakataa kufungika, nikaacha kuyavaa, mwishowe nikaacha na kuamka. Meneja akasema meza yangu itanisubiri, ila haitanisubiri milele.

Aliyenitoa kitandani ni dada yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na mtaa mzima unamwita Mama Vitamini. Ana duka la lishe: mbegu za maboga, unga wa majani, mafuta ya samaki, na kapsuli anazojaza kwa mkono wake. Hununua maganda matupu ya rangi mbili, akayapanga kwenye kibao chenye matundu, akamwagia unga, akafunika. Kwa Dada hakuna huzuni isiyotokana na upungufu wa kitu mwilini. Alinilisha samaki na mboga za majani, akaitupa sukari yangu yote, akawa ananitembeza kila asubuhi nikiburuta miguu. Hospitali waliponipa dawa yao alikunja uso, lakini akasema, "Zinywe tu, mdogo wangu. Mimi najenga msingi, wao wapake rangi."

Wakati ule sikuweza kukumbuka hata kama nimeoga. Kwa hiyo kila Jumapili Dada alikuja nyumbani kunipangia vidonge kwenye kisanduku chenye vyumba saba, chumba kimoja kwa kila siku, vyake pamoja na vile vya hospitali. Nikapona. Nikarudi mezani kwangu, nikaanza tena kurudisha mashati mabovu, na mafundi wakaanza tena kunichukia. Raha niliyoipata siwezi kuieleza.

Kisha mambo yakaenda kombo. Siku moja nilijikuta mbele ya kabati na kijiko mkononi. Kesho yake nikapitisha shati lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, meneja akalileta mezani. Usingizi ukawa unakatika alfajiri, na machozi yakaanza kuja bila kubisha hodi. Niliogopa. Kitanda kile nilikuwa nakijua, na nilijua safari hii nikikirudia, meza yangu itapewa mtu mwingine.

Mtu wa kawaida angesema ugonjwa umerudi. Mimi nikajiuliza: nani ananichezea?

Nilianza na hospitali, kwa kuwa siku hizi hata dawa zina feki. Nesi wa kliniki, mama mmoja mtaratibu asiyeinua sauti, akaigeuzageuza chupa yangu na kusema haina tatizo. Akataka nije nipimwe damu.

"Na mpaka siku hiyo, vitamini zote weka pembeni," akasema. "Nyingine zinaidanganya mashine. Dawa yetu usiache."

"Kwa hiyo vitamini hazina maana?"

"Nani kasema? Kula vizuri, tembea, ota jua. Ila usivigombanishe na dawa. Kila kimoja kina kazi yake."

Nilimweleza Dada nikitegemea vita. Huyu ni mtu anayebishana na redio mpaka redio inazimwa. Lakini alisema tu, "Sawa, mdogo wangu, tuwasikilize," na Jumapili ile akaweka kapsuli moja tu ya hospitali katika kila chumba. Kukubali upesi namna ile kulinikera kama uzi uliobaki kwenye kola, ila sikuuvuta.

Nikamgeukia mume wangu. Yeye ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na aliwahi kusema kwamba dawa zile zinanifanya nionekane kama niko nyuma ya kioo. Kwangu hilo lilitosha kumfungulia mashtaka. Nikamkalisha mezani, nikamwekea kisanduku mbele yake.

"Unakigusa hiki?"

"Nikiguse nikitafuta nini?"

"Labda hupendi ninywe dawa."

Akanitazama sana. "Mke wangu, mimi hata kidonge cha kuumwa kichwa naogopa kumeza. Ulipokuwa huamki nilikuwa naamka mara ngapi kusikiliza kama unapumua? Leo nikuharibie dawa?"

Nikaona aibu. Sikumwomba radhi lakini, maana aibu na shaka vinaweza kukaa nyumba moja bila kusalimiana.

Jibu nililipata chooni. Niliinama kumwagia maji nikaona mkojo wangu ni wa njano inayong'aa, njano ya koti la askari wa barabarani. Njano hiyo naijua. Dada huwaonya wateja wake wote: ukinywa vitamini B ukaona rangi hiyo, usikimbilie hospitali, ni mwili unatoa ile iliyozidi. Ila mimi vitamini nilikuwa nimeziacha. Kitu pekee nilichokuwa nameza ni dawa ya hospitali.

Nikachukua kapsuli ya siku ile, nikaifungua juu ya sahani. Unga wa hospitali ni mweupe. Huu ulikuwa wa njano, na ulinuka kama duka la dada yangu. Nikaifungua ya kesho yake, hali ni ileile. Maganda yalifanana na ya hospitali kwa rangi na kimo, kazi safi isiyo na dosari. Fundi wa kazi ile mjini kwetu alikuwa mmoja tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ninayekagua nguo kutwa sikuwa nimetazama yangu.

Nilikwenda dukani kwake asubuhi nikiwa nimefura. Mlango wa mbele ulikuwa bado umefungwa, wateja wawili wanasubiri barazani. Nikazunguka nyuma, nikaingia bila hodi. Dada alikuwa stoo, amekaa juu ya gunia la mbegu, na mapajani ana pakiti ya biskuti, zile anazowakataza watu wote. Aliposikia mlango aliisukuma nyuma ya gunia.

Nikamwonyesha kapsuli. Hakukana.

"Nilitaka upone kwa njia ya asili," akasema. "Zile dawa zingekufanya mtumwa. Nikaona nikuachishe polepole, bila kukutia hofu."

"Na ukaniona narudi kitandani, ukanyamaza?"

"Nilijua utainuka tu."

Yalikuwa maneno yake kabisa, ya imani yake, na mwingine angeyapokea. Lakini mimi macho yangu hayapumziki. Gauni lake la kazini, lile la kijani, lilikuwa limefumuliwa mishono ya ubavuni na kushonwa upya nje kidogo. Tundu za mshono wa zamani zilionekana. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wa tundu, maana yake lilikuwa limepanuliwa mara mbili. Na Dada amekuwa mwembamba tangu nimjue.

"Dawa zangu umezipeleka wapi?" nikauliza.

"Nimezitupa."

"Wapi?"

Makombo ya biskuti yalikuwa kwenye kidevu chake.

"Dada, ziko wapi?"

"Nimezinywa," akasema.

Kisha maneno yakamtoka polepole, akiyaambia magunia. "Wewe ulipokuwa mgonjwa nilikuwa na kazi. Nilikuwa nakupikia, nakutembeza, nakupangia. Ulipopona nikabaki na mimi mwenyewe. Nimekula mbegu zote hizi. Samaki nimekula mpaka nikanuka. Kapsuli zangu nimezimeza kwa viganja. Ndugu yangu, huzuni haikusogea hata kidogo."

"Si ungeenda kliniki?"

"Mama Vitamini akapange foleni ya dawa za huzuni? Halafu hawa wanaonisubiri hapo nje niwaambie nini?"

Mlango wa mbele ukagongwa. "Mama Vitamini, upo?"

Dada akajifuta kidevu. "Nipo, mwanangu," akaita. "Napanga stoo, nakuja sasa hivi." Sauti ilitoka changamfu, yenye kicheko ndani yake, na uso wake haukusogea. Sauti hiyo nimeisikia maisha yangu yote nikidhani ni furaha.

Niseme ukweli, nilimchukia. Kama alikuwa anazama angenishika mkono, asingenivua boya langu kimya kimya huku akiniangalia. "Ungeniua," nikamwambia.

"Najua."

"Damu nimeshatoa, Jumanne nakwenda kupewa majibu. Utakuja na mimi. Watu watadhani umenisindikiza."

Sikuamini kwamba angekuja. Alikuja, amevaa gauni la kijani, amejipaka na poda. Ukumbi wa kliniki ulijaa, na nusu ya waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wateja wake. "Mama Vitamini, umemleta mdogo wako?" wakamsalimu. "Nimemleta," akajibu, akicheka, akiuliza hali za watoto wao mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa njia, ili akitaka kutoroka anipite.

Tulipoitwa, nilikalia kiti cha mgonjwa na yeye akasimama ukutani, mkoba kifuani. Mlango haukufungwa sawasawa. Nesi akayasoma majibu ya damu, akatikisa kichwa.

"Damu yako haina neno," akaniambia. "Maana yake ni dawa ndiyo haikushiki tena. Nitamwambia daktari akuanzishie nyingine, kali kidogo. Itakusumbua mwanzoni, tutavumilia."

Akavuta kalamu. Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa limenifika kwenye ulimi. Lakini nilijua nikilisema mimi, Dada atacheka kicheko chake, atasema mdogo wake amechanganyikiwa tena, na nesi atamwamini yeye. Nikageuka nikamtazama. Sikumtazama kwa huruma. Nilimtazama kama ninavyotazama shati.

"Usiandike," Dada akasema.

Nesi akainua uso.

"Dawa inamshika vizuri. Hakuinywa. Nilikuwa namwekea vitamini, zake nakunywa mimi." Sauti ilikuwa nzito, kavu, na sikuwahi kuisikia. "Mgonjwa ni mimi, nesi. Sijui tangu lini. Nikiamka asubuhi natamani kusikuche."

Ukumbini mazungumzo yakakatika, benchi moja baada ya jingine. Nesi akainuka kwenda kuusukuma mlango.

"Uache tu," Dada akamwambia. "Wameshasikia."

Nikaondoka kwenye kiti cha mgonjwa, nikampisha.