Kitanda cha Sita kwa Sita

Kosa langu ni kulalamikia mgongo mbele ya seremala. Tulikuwa tunatoka kwenye ibada, akanijulia hali, nami kwa ujinga wangu nikasema kweli: "Kitanda changu kimelegea upande mmoja, fundi." Mimi nilikuwa nazungumzia chaga. Yeye, mgane wa miaka miwili, akasikia habari za upande wa pili.

Wiki iliyofuata, asubuhi kweupe, akashusha kitanda barazani kwangu. Sita kwa sita, kimepigwa vanishi mpaka unajiona meno. Kwa mjane anayelala peke yake! Labda alidhani nitalala kwa zamu, Jumatatu huku, Jumanne kule.

Jirani akatoka kufagia uwanja alioufagia alfajiri. Nikajua kikivuka kizingiti tu, kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa umeshaniozesha. Na jina langu nimelibeba miaka tisa kama yai.

"Zawadi hairudishwi, wifi," alisema dada wa marehemu mume wangu, aliyekuja kunitembelea siku mbili, na huu mwezi wa tatu. Alikuwa ameshakikalia, anakijaribu kwa makalio. "Kurudisha ni matusi."

"Na kuletewa ni nini, sala?"

Lakini nirudisheje? Nikisema kina kasoro, nimemharibia fundi kazi. Nikisema hakina, basi mwenye kasoro ni yeye. Adabu inataka uongo mdogo, na Mungu hapendi hata huo mdogo. Nikautafuta uliokaribiana na ukweli.

"Mungu akubariki, fundi. Kizuri mno. Ila mlango wangu mwembamba, hakitapita."

Akatabasamu, akachomoa spana mfukoni. "Kinafunguka, mama. Bolti nane tu. Kitapita hata dirishani."

Ndiyo malipo ya uongo, hata ukiuombea dua kwanza. Ufagio wa jirani ukanyamaza.

"Kitanda kitapita, fundi. Wewe ndiye hupiti."

Akabaki ameshika spana kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikamwonea huruma. Lakini huruma imewaoza wengi.

"Haya," akasema mwishowe. "Hicho kilicholegea kiko wapi?"

"Uani. Nimekitoa mapema, usipate taabu ya kuingia chumbani."

Akacheka kile kicheko cha mtu aliyejikwaa hadharani. Akapigilia chaga mbili mpya, akanywa maji, akakipakia kitanda chake mkokotenini.

Wifi akajifunga kanga yake vizuri. "Aende peke yake? Adabu gani hiyo? Zawadi ikirudi husindikizwa."

Akakisindikiza, mkono juu ya ubao wa kichwani, kama anayembembeleza mtoto. Chai yake niliifunika. Ilipoa, nikaimwaga.

Mwezi uliofuata wakafunga ndoa, mbele ya watu na mbele ya Mungu. Nilipeleka mito miwili, nikala wali, nikalala siku hiyo katika nyumba tulivu, juu ya kitanda kisicholegea.

Juzi seremala kaja mlangoni, macho mekundu, kakonda kama chaga zake.

"Mama," akaanza, "huyu wifi yako..."

"Fundi," nikamkatiza kwa upole, "zawadi hairudishwi."