Kigingi Namba Tano

Apolinaria alikikuta kigingi katikati ya karanga zake asubuhi ya Jumanne, mwaka ule wa 1948, umande haujakauka bado. Kilikuwa kijiti kilichochongwa vizuri, kimeandikwa 5 kwa rangi nyekundu. Akafanya ishara ya msalaba, akainama, akakinusa. Rangi ilikuwa mbichi.

Jirani yake Masolwa akajitokeza upande wa pili wa tuta.

"Kule kwa shemeji yangu wapima ardhi walianza hivihivi," alisema. "Leo kigingi, kesho karatasi, keshokutwa trekta linapita juu ya kaburi la marehemu wako."

"Nani kakipiga?"

"Mwalimu wenu Damas. Nimemwona jana kwa macho yangu, anatembea huku anahesabu hatua. Haya, endelea kusoma!"

Maneno hayo yalimchoma. Baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni, juma lililopita ndipo alipoandika sentensi yake ya kwanza nzima: Shamba langu liko Itetemia, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Mwalimu aliisifu mbele ya wote, kisha akaondoka na daftari. Shamba hilo ndilo pekee aliloachiwa na mumewe, na karatasi yake hana. Je, amemwandikia mwalimu kwa mkono wake mwenyewe mahali pa kuja kuchukua?

Akaking'oa. Kutwa alipalilia huku akisali rozari, lakini kila Salamu Maria ilikatikia njiani. Kando ya barabara aliona vigingi vingine vinne, vyote vimenyooka kutoka darasani kuja kwake.

Saa kumi na moja jioni aliingia katika ghala la parokia walimosomea, kigingi kimefichwa ndani ya khanga.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daftari langu liko wapi?"

Damas akampa. Makosa yalikuwa yamesahihishwa kwa wino mwekundu. Nyekundu tena, akawaza Apolinaria.

Mwalimu akawatoa wanafunzi wote nje, akaonyesha kibuyu kilichoning'inia mlangoni. "Tuseme hili ndilo jua. Basi dunia yetu ni punje ya uwele, hatua arobaini kutoka hapa. Mshtarii, sayari kubwa kupita zote, ni ndimu hii ndogo. Hatua mia mbili na nane. Ila leo nimekuta kigingi chake kimeng'olewa."

"Labda nyota imedondoka!" alisema Bertila, mwanafunzi mwenzao, na darasa zima likacheka.

Apolinaria hakucheka. Akakitoa kigingi. "Na wapima ardhi nao huhesabu."

"Wapima wana mnyororo, mama. Mimi nina miguu tu."

"Leo miguu, kesho mnyororo."

Apolinaria akakitazama kibuyu, akakitazama kigingi.

"Hiyo Mshtarii imesimama?"

"Haisimami. Inalizunguka jua, karibu miaka kumi na miwili kwa mzunguko mmoja."

"Kwa hiyo mahali pake hasa si kwangu."

"Ina njia yake tu, mama. Mahali pa kudumu haina."

"Vizuri. Nipe hiyo ndimu."

Akalipa kisogo shamba lake. Akaanza kutembea kutoka kwenye kibuyu kuelekea nyumba ya mwalimu, akihesabu kwa sauti, darasa zima nyuma yake. Hatua ya mia mbili na nane ilimfikisha katikati ya maharage ya Damas. Akaokota jiwe, akakipigilia kigingi, akaiweka ndimu juu yake. Kisha akamkazia macho. Mpima ardhi, aliwaza, hawezi kukubali kigingi chake kihamishwe.

Damas aliyatazama maharage yaliyolala. "Umepatia kabisa," alisema. "Ndivyo inavyozunguka. Lakini mama, si ungepita pembeni ya tuta?"

"Hata wewe hukupita pembeni."

"Kweli. Ilinipasa kubisha hodi kwanza. Nisamehe."

Apolinaria alimsamehe palepale, kama sala inavyomfundisha. Lakini alfajiri, kabla ya kupalilia, alipitia kwanza kwenye yale maharage. Kigingi kilikuwa palepale. Akamshukuru Mungu, akamwombea mwalimu, kisha akalizunguka shamba lake pande zote nne, polepole, macho chini, akitafuta kigingi kingine.