Laini Niliyokataa Kuitoa

Mimi ni mtu wa kujihadhari. Miaka thelathini na moja niliyofanya kazi katika stoo ya baraza la jiji, sikutia sahihi karatasi hata moja kabla ya kuisoma mara mbili, na tangu nistaafu tabia hiyo imezidi. Majirani zangu hapa mtaani Jericho huniita Mzee Risiti. Wao hudhani sijui.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua simu ya mtumba kwa Hared, pale vibandani sokoni, nilikwenda nimejiandaa. Ilikuwa Ijumaa. Siku mbili kabla, Mama Ayuma wa kanisani alikuwa amekuja kuniambia kwamba binti yangu Awuor amejifungua mtoto wa kike, na kwamba angenipigia Jumamosi saa nane mchana.

"Amesema akikukosa hatapiga tena," aliniambia. Nilipomwomba namba ya Awuor, akasema amekatazwa kuitoa. Sikushangaa. Awuor ni mtoto wangu, na ukaidi hakuuokota barabarani.

Simu yangu ya zamani, kabambe ya vibonyezo, ilikuwa imechoka. Kila aliyenipigia nilimsikia kama yuko ndani ya debe. Nilitaka simu ya kusikia vizuri, tena yenye kioo kikubwa, ili nimwone huyo mtoto.

Hared alinitolea moja nyeusi, safi, isiyo na ufa. "Leta laini yako, mzee, tuijaribu."

"Laini yangu haitoki hadharani," nikamwambia. Nina sababu. Namba hiyo nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini, na kuna mzee mwenzetu kanisani aliyempa mtu laini yake ashike dakika tano tu, akaibiwa pesa zote za kwenye simu, akabaki analia.

"Basi tuweke yangu. Hakuna noma."

Tukaweka yake. Nikampigia Mama Ayuma, nikamsikia vizuri kabisa. Nikajaribu kamera, tochi, chaja, hata redio. Nilimchosha yule kijana kwa kukagua mpaka akakaa chini. Mwisho nikamwachia kabambe yangu ili anipunguzie bei, na kabla sijaondoka alikuwa ameshaiuza kwa mlinzi mmoja wa mtaa wa Tena.

Nyumbani sikuitia laini. Simu mpya huchajiwa kwanza usiku kucha na kuachwa hivyo mpaka mchana; ndivyo tulivyoambiwa zamani na ndivyo ninavyofanya, hata ikiwa mpya kwangu tu. Jumamosi nikala mapema, nikanyoa ndevu, nikavaa shati la kanisa. Saa saba na dakika kumi nikatia laini. Simu ikaandika kwamba haiikubali, niweke namba ya siri ya kufungua mtandao. Nikaitoa, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Ikaandika yale yale.

Nikakimbilia sokoni. Kibanda cha Hared kilikuwa na kufuli. Aloo, mama anayeuza mayai pembeni yake, aliniambia Hared amekwenda Eastleigh kuchukua mzigo na atarudi saa kumi. Akafuta mikono, akaishika ile simu.

"Hii imefungwa na kampuni, mzee. Ni zile huuzwa kwa ofa. Inashika laini zao tu, za kampuni ingine inakataa. Hared alijaribu na laini gani?"

"Yake."

"Si ungeweka yako hapo hapo? Ungejua jana."

Miaka yote ya kujihadhari, na kilichoniangusha ni huko kujihadhari. Aloo akanipa simu yake niweke laini, nizungumzie pale. Nilitazama wateja wake, nikatazama trei za mayai, nikaona maneno niliyomwekea Awuor hayasemeki mahali pale. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani niazime simu kwa jirani.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na tano nilipofika kwenye ngazi yetu. Majirani wa juu ni Wasabato, Jumamosi hawarudi kabla ya jioni. Wa pembeni walikuwa harusini. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja, wa Mativo, na mlango huo nilikuwa sijaugonga kwa miaka miwili.

Mativo huchonga vinyago, na mwanawe Kivuva ndiye aliyeondoka na Awuor. Mativo alikuja kwangu mara mbili akiwa na wazee wake, ili mambo yafanywe kwa heshima. Mara zote mbili niliwasikia wakibisha hodi, nikakaa kimya ndani na redio imezimwa. Awuor nilimwambia asinipigie mpaka amwache huyo kijana. Nilikuwa na hasira. Leo nina haya, na haya ndiyo mbaya zaidi.

Nilisimama pale mlangoni na laini kiganjani. Mativo aliweka patasi chini.

"Baba Awuor," akasema. "Karibu."

"Simu yangu imekataa laini. Kuna mtu atanipigia saa nane."

Hakuuliza ni nani. Mkewe, Mbeti, aliondoa vumbi la mti kwenye kiti, nikaketi. Mativo alifungua simu yake, yenye nafasi ya laini mbili, akachukua yangu mkononi mwangu na kuitia. Nilimpa bila kufikiri, na baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba sijawahi kumpa mtu mwingine yeyote. Akaiweka simu mezani mbele yangu. Mbeti aliingia jikoni, nikasikia sufuria.

Saa nane na dakika mbili simu ikaita. Nilitarajia namba nisiyoijua. Lakini kioo kiliandika jina: Awuor Wetu. Chini yake palikuwa na picha yake, amebeba mtoto aliyevikwa kofia ya manjano.

Nilimtazama Mativo. Alikuwa ameangalia pembeni, kama mtu aliyefumaniwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu waondoke. Hupiga kila Jumapili. Tungekupa namba, lakini ulikuwa hufungui mlango."

Simu iliendelea kuita. Wamezungumza naye miaka miwili, ukuta mmoja tu kutoka kitandani kwangu. Nilibonyeza.

"Baba?"

Yale maneno niliyoyapanga tangu Jumatano yalinitoka kichwani yote.

"Niko kwa kina Mativo," nikasema.

"Mlangoni?" akauliza.

"Ndani," nikamwambia. "Nimeketi. Mbeti anapika chai."