Kilio Chini ya Nyumba ya Mwanahawa

Sauda alipewa kusimulia, Fidelis akapewa kulia. Ndivyo vijana wa kijiji kile cha jirani na Somanga walivyogawana kazi nyumba ya kale ilipokwisha kukarabatiwa. Wao wenyewe ndio waliopika chokaa, wakaziba nyufa, wakafukua njia ya chini kwa chini itokayo ukumbini hadi mikokoni. Alasiri ya kuwaonyesha wazazi, Fidelis alijibanza humo njiani ili atoe kilio hadithi itakapofika pake.

Hadithi yenyewe hakuna asiyeijua pale. Wateka watumwa walipoingia kijijini, Mwanahawa aliwaficha watoto katika njia ile, akawaonya wasitoe hata kikohozi. Wateka wakapiga kambi juu yao mpaka maji ya bamvua yakajaa. Watoto walimtii, wakafa maji bila kutoa sauti. Tangu hapo, bahari ikijaa sana, Mwanahawa hulia chini ya nyumba, na wazee hawataki mtu akaribie. Siku ya maonyesho nayo ilikuwa ya bamvua. Hakuna kijana aliyelitia hilo akilini.

Kilio kilitoka mapema, Sauda hajafika hata kwa wateka. Kilipanda kupitia sakafu, kirefu, kizito, kikamsisimua nywele. Watu wakapiga makofi. Mama yake Fidelis, Consolata, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akiwaambia wenzake kuwa huyo ni mwanawe. Sauda aliendelea. Sauti ya Fidelis haikuwa nzito hivyo.

Kisha ikasikika sauti nyingine chini ya ile ya kwanza, nyembamba.

"Sauda! Sauda, mguu!"

Watu wakacheka tena. Lakini jina la Sauda halikuwamo katika hadithi.

Sauda aliacha kusimulia. Chini mle kulikuwa na maji, au kulikuwa na Mwanahawa, na hakujua aogope kipi zaidi.

"Mama Fide," alisema, "huyo haigizi."

Kicheko cha Consolata kilikatika. Yassin, aliyekuwa fundi mwenzao, aliifungua kamba ya jukwaa la mafundi, lakini mabega yake yalikuwa mapana kuliko mlango wa njia. Aliyeweza kupenya haraka ni Sauda. Akajifunga kamba, akaingia huku akisoma kila dua aliyoikumbuka.

Giza lilimmeza. Maji yalimfika kifuani, na kila wimbi lilipoingia lilisukuma hewa kwenye matundu ya ukuta, kile kilio kikampita sikioni kama mtu anayepumua. Sasa alijua ni hewa. Hata hivyo alikuwa akilia machozi. Vitu vidogo vilimgusa miguuni, akaomba viwe kaa.

Alimkuta Fidelis ameinua kidevu juu ya maji, jiwe limembana kifundo cha mguu. Sauda akazama, akalisukuma, likagoma. Akaibuka, akavuta pumzi, akazama tena, na mara hii akaegemea ukuta, akalisukuma kwa miguu yote miwili. Likasogea kidogo. Akamfunga Fidelis kamba, akaitikisa. Juu, Yassin na Consolata wakavuta, na Sauda akafuata nyuma ameshika shati la rafiki yake, asithubutu kugeuza kichwa.

Fidelis alitoka amechubuka mguu hadi nyama. Mama yake alimzaba kofi, kisha akamkumbatia, asimwachie.

Mlango wa njia ulitiwa geti la chuma wiki hiyo hiyo, na Sauda akakataa kusimulia siku ya ufunguzi. Lakini jioni ile ya kuokolewa, walipokuwa wamejifunika mashuka jikoni kwa Consolata, Fidelis alimnong'oneza Sauda jambo ambalo hakulirudia kwa mtu mwingine. Maji yalipomfika magotini alikuwa na nafasi ya kupiga kelele, watu wangemsikia kabla hadithi haijaanza. Hakupiga.

"Kwa nini?" Sauda aliuliza.

"Nilihisi nimekatazwa."

Sauda alisogeza kigoda chake karibu na Consolata, aliyekuwa akichochea moto, akakaa hapo mpaka baba yake alipokuja kumchukua.