Gauni ra Halusi

Kidole cha mama kilikuwa baridi hata saa saba mchana. Nilikishika, nikakipitisha juu ya ubao wa herufi, na kila kilipolemea nilisoma kwa sauti. Kiharusi kilikuwa kimemwachia macho na mkono mmoja tu. "Mshike kiwiko," mtaalamu wa matamshi alinionya. "Usimwongoze." Mimi nikashika kidole. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku aliyoanguka kando ya cherehani tulikuwa tumenuniana. Nilikuwa jikoni, redio juu. Watu wote niliwaambia sikusikia kitu, na miaka kumi na mitatu baadaye wapo wanaoamini hivyo.

Wiki ya kwanza ya ubao aliomba maji. Ya pili, bila kuulizwa, kidole kiliteleza kwa kasi iliyonisisimua mwili: NILISHAKUSAMEHE. FURAHI, MWANANGU. Nililia mpaka kwikwi. Nikayanakili kwenye daftari, nikalala fofofo kwa mara ya kwanza.

Jumamosi mama mdogo alikuja kufua. Nikamwonyesha daftari, nikijivuna. Alisoma, kisha akatazama ukutani, ambako vikaratasi vya kazi vya mama vilikuwa bado vimebanwa kwa pini: GAUNI RA HALUSI. SURUARI YA MWARIMU. Wateja walivicheka, naye mama aliwacheka wao kwa kuvaa nguo zisizowatosha.

"Haya ameandika dada?"

"Ndiyo."

"Dada yangu mimi? Tangu lini?"

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alichukua beseni, akatoka kwenda kuanika.

Niliuweka ubao mapajani mwa mama, safari hii mikono yangu nikaificha mgongoni. Macho yake yalikuwa usoni kwangu, hayapepesi. Kisha kidole kikaanza kutambaa chenyewe, polepole, kama sisimizi aliyebeba punje.

N. I. R.

Nikadhani kimekosea. Niliomba kiwe kimekosea.

I. K. U. I. T. A.

Nirikuita. Mara tatu aliniita, sauti ikipungua kila mara, na mara ya tatu ndipo nilipoongeza redio.

Huko nje mama mdogo alikuwa anakung'uta shuka. Kidole kilirudi kwenye N, kikaanza upya.

"Nilisikia, mama," nikasema.

Ndipo kikatulia.