Keki ya Siku Kumi na Nne

Korona ilimtoka Velda Thorsteinson wiki ya kwanza ya Novemba, na furaha ikamtoka wiki ya pili, dada yake Lauga alipofungua mdomo.

"Chanjo ya mafua? Wewe? Si umetoka kuugua juzi tu! Ngoja miezi mitatu, mwenzangu. Nimesoma."

Velda akauacha mwiko ndani ya sufuria ya plamu kavu. Miezi mitatu! Binti yake Signy alikuwa ameshapiga marufuku: asiyechanjwa mafua wiki mbili kabla hamshiki mtoto, awe bibi, awe askofu. Na mtoto mwenyewe, mjukuu aliyengojwa miaka kumi na moja, analetwa hapa mjini kwao, Gimli, siku moja tu, Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Kesho yake wanaruka naye kwenda Yellowknife, kaskazini ya mbali, harudi hadi kiangazi.

"Utamwangalia," Lauga akamfariji. "Macho hayaambukizi."

Velda alilia, jamani. Alilia mpaka plamu zikaungua.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano akaenda famasi kununua dawa ya goti. Mfamasia Jeralyn, binti wa Kifilipino, akayaona macho yake mekundu.

"Bibi Velda, vipi tena?"

Akamweleza yote, mpaka habari ya plamu.

"Miezi mitatu kakwambia nani?"

"Dada yangu."

"Ni daktari?"

"Alikuwa mkutubi."

Jeralyn akacheka hadi akashika kaunta. "Kachanganya na chanjo ya Korona yenyewe, hiyo ndiyo ya kungoja miezi. Ya mafua haina hadithi ndefu: ukishapona, unachanjwa. Homa imekwisha?"

"Wiki nzima sasa, na zaidi."

"Siku za kujitenga umemaliza?"

"Nimemaliza mpaka paka akanichoka."

"Leo unaumwa popote?"

Velda, ambaye hajawahi kudanganya hata kwenye karata, akasita. "Goti."

"Goti halihesabiki. Kunja mkono wa shati."

"Leo leo?"

"Leo leo. Ikikaa wiki mbili mwilini, imekolea."

Velda akahesabu kwa vidole, akaishiwa, akaazima vinne vya Jeralyn. Kumi na nne! Kamili, bila siku ya akiba! Alichomwa sindano huku anacheka, akatoka nje akacheza kwenye theluji katikati ya magari, na goti lake bovu. Watu wakampigia honi. Naye akawapungia mkono ule ule wa sindano.

Nyumbani akapika plamu upya, akaoka vinarterta, ile keki ya wazee waliotoka Aislandi, matabaka saba yenye plamu katikati. Keki hiyo nayo haikatwi siku ya kuokwa. Hufungwa kitambaani ilainike polepole. Akabandika karatasi juu yake: MIMI NA WEWE, TAREHE 29.

Siku ya sita Lauga akaja na kisu.

"Kipande chembamba tu, cha kuonja."

"Toa mkono! Bado haijakolea."

"Keki au wewe?"

"Sote wawili!"

Tarehe ishirini na tisa Signy akasimama mlangoni, mtoto kifuani, theluji kwenye kofia. "Mama?"

"Siku kumi na nne na saa tatu!" Velda akapiga kelele, akipeperusha karatasi ya famasi.

Signy akacheka. Kisha akamgeukia Lauga, ambaye mikono alikuwa ameshaitandaza. "Na wewe, mama mkubwa?"

Lauga akaishusha mikono. "Mimi... si nilikuwa namngoja mama yako amalize miezi yake mitatu, twende pamoja; kumbe kanitangulia."

Weee! Velda alicheka mpaka akatafuta kiti. Na alipokwisha kukaa, Signy akamwekea mtoto mikononi, na kicheko kikakatika chenyewe. Alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, ananuka maziwa.

Lauga akaikata keki peke yake, polepole, akimtazama mtoto kwa mbali. Akaja na kipande kwenye uma, kwa kuwa mikono ya mdogo wake ilikuwa na kazi.

"Fungua mdomo."

Velda akatafuna. Imekolea. Akamwona dada yake macho yamejaa maji.

"Jumatatu nakupeleka kwa Jeralyn," akamwambia. "Kiangazi utamshika wewe kwanza."

Lauga akajipangusa pua kwa aproni. "Walikuchoma mkono upi?"

"Huu huu aliolalia."